Siku Nilimupeleka Tonton Canada

Haya ya ile siku haijaniisha mpaka leo, na kama mutacheka mucheke pole pole, sababu Mama Solange anakaa nyumba ya tatu na anasikiaka kila kitu.

Pale kwa salon yake, hapa kambi ya bakimbizi ya Dzaleka, Malawi, kila mardi, yaani Jumanne, mi nilikuwa nasomea bantu bedé, zile vitabu vya picha: naangalia Kiingereza, nasema Kiswahili, bamama banasukwa, babaume banangojea kunyolewa. Shujaa yetu alikuwa mutu mumoja anapitaka ndani ya ukuta, tulimuita Tonton, na miaka mbili tulimufuata kitabu kwa kitabu (mi njo nilikuwa nazitafuta kule Lilongwe, soko ya Tsoka, kwa baba mumoja anauzaka vitabu ya zamani pembeni ya viatu). Ile wiki nikapata ya mwisho.

Sasa, Pasta wetu alikuwa anatafuta mutu wa kutafsiri muhubiri mugeni, na hiyo kazi niliitaka sana, sababu mutafsiri anasimama mbele, na mikro, na suti ya kuazima, na mama yangu angeniona. Pasta akasema atapita salon anisikie kwanza.

Kitabu nilikuwa nimesoma mara tatu na sikuelewa. Ukurasa moja Tonton amekufa. Inayofuata iko muzima, amezeeka. Halafu iko Tonton bane, sura moja, banagombana, halafu ukurasa nyeupe kabisa, mwisho. Nilikasirika, nililia kidogo (ndiyo, nililia, ile picha yake ya mwisho iko peke yake ilikuwa muzuri sana), sikujua kama nimependa ao nimeibiwa. Mutu wa akili angesema tu "sijaelewa." Lakini Pasta alikuwa amekaa pale na kitambaa ya kunyolea shingoni, na mi nikafungua mudomo.

"Tonton aliitwa intavyu," nikasema. "Akapita. Ameenda Canada."

Salon yote ikapiga makofi. Mama Solange akaacha kichanuo ndani ya nywele za mutu, akapangusa macho. Yeye anangojea simu ya intavyu, ile ya kutolewa kambini kupelekwa inchi ya mbali, tangu Solange iko mutoto, na sasa Solange ana batoto babili. Kisha akainama juu ya kitabu.

"Na huyu amekufa ni nani?"

"Pacha yake."

"Na huyu muzee?"

"Baba yao."

"Na hawa bane?"

"Hiyo njo famille. Baliondoka bote."

"Huyu wa kufa," Pasta akauliza, "balimutoa kwa karatasi ya famille mbele ya intavyu, ao kisha?"

Nikasema kisha. Baba mumoja akasema haiwezekani, mutu akikufa dosye, ile faili ya famille, inarudi nyuma, yeye aliona kwa jirani yake, na pale bantu bakaanza kugombana juu ya dosye ya Tonton kama vile ni ndugu yao wa tumbo moja.

Kwa kiti ya pembeni kulikuwa Mumalawi mumoja, mwalimu wa Area 49 kule Lilongwe, alikuja huku kwa kazi ya shule na akapita kunyoa. Kiswahili hasikii. Akaona makelele, akanyoosha mukono, akasema asante ya kwao, "Zikomo," akachukua kitabu, akasoma mpaka mwisho, akarudi nyuma, akasoma tena, akaniangalia, akasema maneno na Kiingereza. Bote bakanigeukia.

"Tafsiri," Pasta akasema.

Bandugu, jasho ilinitoka mpaka kwa magoti. Kati ya sisi bote mwenye kusikia Kiingereza nilikuwa mi peke yangu, ningeweza kusema mwalimu anasifu salon. Lakini Mama Solange alikuwa ananiangalia na kichanuo mukononi, na nilichoka kudanganya.

"Anasema Canada haiko mule," nikasema. "Intavyu hakuna. Pacha hakuna."

Mwalimu akaongeza kitu. Nikatafsiri na sauti ya chini: "Anasema yeye pia amesoma mara mbili na hajaelewa."

Bamama balicheka mpaka mumoja nywele zikafumuka. Mama Solange hakucheka. "Ungesema tu hujaelewa," akaniambia, "mi ningebaki na kungojea yangu. Sasa umenipeleka Canada na umenirudisha."

Niliomba musamaha mara mbili, sikujua mahali pa kuweka macho. Kisha nikamufuata Pasta inje, kichwa yake nusu haijanyolewa, nikamuuliza: si nimetafsiri ya mwalimu sawa sawa, hata yenye iliniumiza? Akakubali, hiyo nilifanya muzuri.

"Lakini hii kitabu iko na picha, njo sababu tulikukamata," akasema. "Muhubiri hatakuja na picha. Ukiweka Canada ndani ya Neno la Mungu, nani atakukamata?"

Siku ya muhubiri nilibeba viti. Mama yangu aliniona, ndiyo, iko viti sita kichwani. Bedé nasoma bado, lakini nikifika penye sielewi naweka kidole pale, nasema mbele ya bantu bote sijui, na bamama banajibu haya, endelea.