Unga wa Misuli na Maksai wa Bujiku

Mwanaidi binti Nassibu hakuusifu unga wala kuutukana kabla hajauchoma moto. Kahama nzima ilijua hivyo. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, maziwa ya kopo yakionekana madukani kwa nadra kama mvua ya Agosti, na kila aliyekuwa na kitu cheupe ndani ya kopo alikiita maziwa. Watu wakamletea Mwanaidi makopo yao barazani, naye akayapokea mbele ya jiko la mkaa kama kadhi anavyopokea ndoa zilizoharibika.

Hukumu zake zilikuwa fupi. Alinyunyiza unga kidogo juu ya kaa la moto, akainamisha pua. Ukinuka nywele zilizoungua, au ng'ombe anayepigwa chapa, basi ndani mna maziwa, mayai au nyama, kitu cha kujenga mwili. Ukinuka ukoko wa ugali, ni wanga mtupu. "Na ukoko," alikuwa akiwaambia, "mnao kwenu." Ujuzi huo aliupata kwa marehemu mumewe, mpishi wa hospitali, mtu aliyemwachia pua hiyo, watoto, na shemeji mmoja.

Shemeji ndiye Akida. Akida aliuza chochote kilichokubali kupandishwa basi. Msimu ule wa mavuno alileta makopo ya rangi ya njano, yamebandikwa picha ya mwanamume kifua wazi, mikono imetuna kama mihogo ya mwaka wa neema. Chini yake: UNGA WA MISULI. MAZIWA, MAYAI NA NYAMA YA NG'OMBE. KUNYWA ASUBUHI. Maneno hayo, alisema Akida, yaliandikwa na daktari. Daktari gani? "Wa hukohuko yanakotoka."

Mteja wake wa kwanza alikuwa Bujiku, mkulima wa Bugarama na manju aliyeongoza kundi la ngoma la Bagika. Ngoma zile hazina mwamuzi. Bagika na Bagalu huchezea uwanja mmoja, kila kundi upande wake, na upande utakaovuta watazamaji wote ndio ulioshinda. Mwaka uliotangulia watu walimhama Bujiku, wakamwachia mbwa mmoja tu, naye alibaki kwa sababu alikuwa kiwete. Kwa uchungu wa aibu ile Bujiku aliyachukua makopo, akampa Akida maksai wake mweusi, kiongozi wa plau. Bila maksai yule, pamba ya mwaka ujao angeilima kwa magoti.

Alipofika nyumbani roho ikamsuta. Akarudi mjini na kopo moja, moja kwa moja hadi kwa Mwanaidi.

"Shikamoo, mayu," Bujiku akamwamkia kama mama yake.

"Marahaba. Lete kopo, halafu kaa kule. Unanuka tumbaku, utaniharibia kesi."

Akida alikuja mbio, kofia mkononi. "Shemeji, usichome! Huo ni unga wa kunywa!"

"Na wewe ni mtu wa kuswali. Mbona msikitini hatukuoni?"

Akanyunyiza. Moshi ukapanda, mwembamba, mtamu, na pamoja nao harufu ya masufuria ya watu wote waliowahi kusahau chakula motoni.

"Muhogo," akasema. "Muhogo na sukari. Ng'ombe hakupita humu hata kwa kukojoa."

"Maksai wangu!" Bujiku alishika kichwa.

"Pua ya mjane imechoka," Akida akasema. "Unga hupimwa kwa kazi yake. Nenda ukacheze, Bujiku. Ukishinda, ng'ombe ni wangu. Ukishindwa, namrudisha mwenyewe, namvuta kwa mkono huu."

Bujiku akamtazama Mwanaidi. Mwanaidi akamtazama Akida. "Apa kwanza kwamba kilichoandikwa kwenye kopo ndicho ulichouza."

Akida akaapa. Kuapa hakukuwahi kumchosha.

Siku ya ngoma Mwanaidi alikwenda Bugarama, ametulia kama mtu anayejua matokeo. Hakuna mtu aliyepata misuli kwa ukoko. Jambo moja tu hakulifikiria: Bujiku hakuwanywesha wachezaji wake. Tangu lini dawa ya ngoma ikanywewa kama chai? Dawa ya ngoma hupakwa. Waliingia uwanjani weupe toka paji la uso hadi magoti.

Jua likapanda, jasho likashuka, muhogo na sukari vikafanya kazi yake ya asili. Mikono iliyopiga kifua haikutoka. Wawili walioinama pamoja waliinuka pamoja, wameshikana bega kwa bega, wakitukanana. Nzi walifika kwa makundi. Kisha ndama wa mtu akakata kamba, akaingia uwanjani na kuanza kumlamba Bujiku mgongoni, na Bujiku, manju wa kuzaliwa, akampokea kwenye mdundo. Upande wa pili manju wa Bagalu alikuwa akicheza na fisi hai. Watu wakamwacha na fisi wake, wakaja kwa Bujiku wakilia kwa kicheko, hata fisi akageuza shingo kutazama.

"Ameshinda!" Akida alipaza sauti, akimwonyesha maksai aliyemfunga kando ya uwanja. "Maksai wangu huyo!"

Uso wa Bujiku ulikauka chini ya ule unga. Watu wakamgeukia Mwanaidi. Pua yake ilisema kweli, na kweli ilikuwa inampokonya maskini ng'ombe wake.

"Akida," akasema taratibu, "soma kopo."

"Maziwa, mayai na nyama ya ng'ombe."

"Maziwa yamemnatisha nani hapa? Yai limemwita ndama gani? Kilichoshinda leo ni muhogo, na wewe uliapa kwamba hukuuza muhogo."

"Lakini muhogo wenyewe si wangu? Nimeutwanga kwa mikono yangu!"

Neno lilikwishatoka. Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Bujiku alikwenda kumfungua maksai wake, na ndama akamfuata nyuma, bado ana hamu.

Mwezi uliofuata Akida alimletea Mwanaidi kopo jipya. Picha ilikuwa ileile. Maneno yalikuwa mengine: MUHOGO NA SUKARI. USINYWE. PAKA.

Mwanaidi akanyunyiza kwenye kaa, akainama. Ukoko.

"Huu," akasema, "ni wa kweli."