Mdhamini wa Mfenesi

Nilipoolewa Bagamoyo, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilikuta nyumbani kwa mume wangu vitu viwili vilivyoninyima raha: uani mfenesi usiozaa, na chumbani kitanda cha kamba. Kitanda chenyewe ni kile ambacho watu wa pwani wamekipa jina la teremka-tukaze, na aliyekiita hivyo hakukosea. Kila baada ya siku chache kamba zinalegea, mnaporomokea katikati kama viazi kikapuni, na asubuhi mmoja ashuke ili mwenzake avute kamba. Mimi nilitoka Pangani, kwenye nyumba ya watu wanaojiweza kidogo, au ndivyo tulivyojiona, na niliahidiwa kitanda cha mbao. Tena mume wangu alikuwa fundi seremala. Vitanda vya watu alivitengeneza, cha kwake hakioni. Majirani walicheka, nami nikanuna.

Yeye alikuwa na jibu. Mbao za kitanda zipo, alisema, zimesimama pale uani. Mbao za mfenesi ni za manjano, zinang'aa, na mchwa hawazipendi. Mti wetu ulikuwa umelipita paa la nyumba, una kivuli kizuri na majani yanayodondoka kutwa, na mfagiaji wa majani hayo ni mimi. Fenesi hata moja haukuwahi kutoa. Kwa hiyo tulipokaa uani jioni tukiutazama, yeye alikuwa akipima mbao kwa macho, na mimi moyoni nilikuwa nimeshatandika shuka.

Kikwazo kilikuwa mama mkwe. Mti ulikuwa wake. Aliupanda kwa mkono wake, kwa kokwa, na aliuhangaikia sana. Aliumwagia maji ya kuoshea samaki. Aliufukia mifupa ya ng'ombe shinani. Aliupigilia misumari, akautundikia mawe kwenye matawi ili uzoee uzito wa kubeba, na mwaka mmoja akaufunga kanga yake kuukuu kiunoni. Mti ukapokea kila kitu, ukanenepa, ukakaa kimya.

Ikabaki dawa moja tu, nayo ni kuutisha. Mti mkaidi hutishwa, na kazi hiyo inataka watu wawili. Mmoja hushika shoka, akausuta mti, akaupiga kwa upande butu na kutangaza kwamba leo ndiyo mwisho wake. Wa pili ni mdhamini. Huyo hujitokeza, akamshika mkono mwenye shoka, akauombea mti msamaha kama anavyoombewa mtu, na kuahidi kwamba msimu ujao utazaa. Mwenye shoka hujifanya anafikiri, kisha husamehe. Lazima awepo shahidi, na lazima yasemwe kwa sauti, maana mti nao unasikiliza.

Mama mkwe alimpa mwanawe shoka, na mwanawe akalipokea kwa furaha ambayo haikufichika. Udhamini nilidhani atapewa jirani yetu, mjane mmoja aliyependa mambo kama hayo kuliko chakula. Lakini mama mkwe alisema jirani atakuwa shahidi, na mdhamini asiwe wa damu ya mwenye mti. Basi akanigeukia mimi. Mwaka ulikuwa umepita tangu niolewe na bado aliniita bibi harusi, kwa sauti ambayo sikuipenda hata kidogo.

Ilikuwa Ijumaa baada ya alasiri. Mume wangu aliianza kazi yake kwa bidii ambayo sikuwahi kuiona karakanani. Aliuuliza mti kama hauoni haya, kula mifupa ya watu na kuvaa kanga ya mama yake bila kurudisha chochote. Akaupiga mara moja, akaupiga tena. Jirani alikuwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, ameshika mbavu kwa kicheko. Kisha wote wakanitazama mimi.

Nilikuwa nimesimama na upawa mkononi, na kusema kweli nilinyamaza makusudi. Nilijua kwamba nikikaa kimya kidogo tu, shoka litageuzwa upande wenye makali, na kabla ya mwezi kwisha nitalala juu ya mbao. Mama mkwe alinitazama tu, na macho yake hayakuwa na ukali niliouzoea. Nikanung'unika maneno mawili matatu. Jirani akasema mti haukusikia.

"Msamehe," nikasema kwa sauti, kwa hasira ya kulazimishwa. "Namdhamini mimi. Msimu ujao atazaa."

Mwenye shoka alitakiwa kufikiri kidogo. Yeye alifikiri sana, huku akiniuliza kwa macho habari za kitanda. Hatimaye akasema amesamehe, kwa dhamana yangu.

Usiku ule alinihakikishia kwamba ulikuwa mchezo tu wa kumridhisha mama. Lakini alipokuja mpasua mbao mmoja kuuulizia mti, nilimsikia mume wangu kwa masikio yangu akijibu kwamba mfenesi huo una mdhamini, asubiri msimu upite. Na hata angetaka kuvunja neno, asingeweza, kwa sababu jirani yetu alikuwa redio isiyohitaji betri. Mtaa mzima ulijua. Nikienda kununua samaki, wanawake wananiuliza, "Mdhamini, mtu wako hajambo?" Na mimi najibu hajambo, anakusalimuni.

Hapo ndipo kiburi changu cha Pangani kiliponiingiza kazini. Sikuupenda mfenesi ule, ila nilikataa uniaibishe mbele ya watu wa Bagamoyo. Nilifukuza mbuzi. Nilizuia maji ya sabuni yasimwagwe shinani. Kila asubuhi nilikagua shina kuanzia usawa wa kiuno kwenda juu hadi shingo yangu ilipogoma, nikitafuta kichipukizi chochote chenye dalili ya fenesi, na nilipokosa niliusema mti maneno ambayo hata mama mkwe alinikataza.

Msimu ukaja. Mtaani kote kukanuka mafenesi. Watu walituletea vipande, wengine kwa ukarimu, wengine kutuchokoza tu. Kwetu hakukutoka kitu. Msimu ukapita, na siku moja mume wangu akakaa kizingitini kunoa shoka. Safari hii hakuusema mti wala hakucheka.

Mama mkwe alimwona. Nilingoja amkataze, naye alikuwa mwanamke anayeweza kuugombeza mtaa mzima kabla ya chai. Lakini dhamana ilikuwa imekwisha, na taratibu zile alizipanga mwenyewe. Aliingia chumbani kwake akafunga mlango taratibu. Mlango ule uliniuma kuliko kelele zozote. Nilijikuta nimefika uani, nimeegemea shina la mfenesi, na mume wangu yuko mbele yangu na shoka lake.

Aliniambia nisogee, msimu umekwisha.

"Aliyeshindwa ni mdhamini," nikamwambia. "Mti una kosa gani? Nidai mimi."

"Nikudai nini?"

"Kitanda. Kile nilichoahidiwa, nimekusamehe."

Alinitazama, akautazama mti, akacheka mpaka akakaa chini, na shoka likalala majanini. Mimi sikucheka. Niliketi pale pale shinani.

Baada ya kitambo mama mkwe akatoka, macho mekundu, akakaa karibu nami. Kokwa la mti ule, alisema, lilitoka kwenye mfenesi wa mama yake kule Mlingotini, fenesi la mwisho walilokula pamoja. Mama yake alipofariki, shamba likaenda kwa watu wengine na mfenesi ukakatwa. Hata mwanawe hakuwahi kumwambia, maana angecheka au angelia, na yeye hakutaka kuona lolote katika hayo mawili.

"Kule kwetu sina tena mtu wala mti," akasema. "Nina huu tu."

Mwaka uliofuata mfenesi ukazaa fenesi moja, tena chini kabisa ya shina, karibu liguse mchanga, mahali ambapo sikuwahi kufikiria kutazama. Tulilivika gunia kulikinga na kunguru. Mama mkwe aliligonga kwa kidole kila siku na kulisikiliza, na hakuruhusu mtu mwingine aliguse. Siku lilipoiva tulijipaka mafuta mikononi kwa ajili ya ulimbo, jirani akaja bila kuitwa, na kisu akakishika mwenye mti.

Alikula kipande cha kwanza peke yake, amefumba macho. Tulingoja.

"Silo," akasema. "La mama lilikuwa gumu, unalitafuna. Hili rojorojo. Limemfuata mdhamini wake."

Jirani akaangua kicheko. Rojorojo, mimi niliyesimama mbele ya shoka! Nilifungua mdomo nimjibu jibu la Kipangani, naye akanitia kipande mdomoni kwa mkono wake, kama mtu anavyomlisha mwanawe. Lilikuwa tamu. Akanilisha cha pili, na cha tatu, huku machozi yakimtiririka, na mume wangu akageuka upande akajifanya anafukuza kunguru.