Chuki Iliyomnoa Ikupa

Watu wa Iyula wanadhani Ikupa alianza kuunoa ubongo wake kwa ajili ya afya. Afya gani! Alianza kwa chuki, tena chuki safi, na asiyependa ameze wembe.

Mwaka juzi alisahau maharage motoni, jiko la nyasi likateketea lote. Mambo yangekwisha kwa kuezeka upya, lakini shemeji yake Zabron, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa akilimezea mate shamba lake la kahawa tangu matanga hayajaanuliwa. Sasa akapata la kusema. Mashineni, kanisani, mnadani, wimbo ulikuwa mmoja: "Shemeji akili zimemhama. Ukoo uchukue shamba kabla hajaligawa kwa wapita njia."

Ikupa akaenda hospitali ya Vwawa kupimwa. Muuguzi akamwambia hana ugonjwa, ila akili imekaa bure tangu afiwe. "Tembea kila siku, mama. Lala usingizi wa kutosha. Ongea na watu. Na jifunze kitu kipya, hata kidogo." Wengine wangeudharau ushauri wa bure kama huo. Ikupa aliubeba kama fimbo.

Kila alfajiri alilizunguka shamba akitaja kwa sauti mistari ya mibuni: huu ulipandwa mwaka gani, ule nani alichimba mashimo. Akikosea anarudi mwanzo, hata kama mvua inamnyeshea. Alikariri mstari mmoja wa Zaburi kwa siku. Alikoroga uji kwa mkono wa kushoto. Wajukuu walipocheka, akawafukuza jikoni. Mara moja kwa mwezi alishuka Tunduma kujifunza maneno ya Kibemba kwa wanawake wa Zambia wanaouza vitenge, na neno alilojifunza leo alilitumia kubishania bei leo hii hii. Aliyemsahihisha aliambulia jicho baya. Na kila jioni alipitia kichwani watu wote aliokutana nao na walichosema, hasa alichosema Zabron.

Mwezi wa tisa ukoo uliitwa sebuleni kwa Raphaeli, mkubwa wao, kuamua habari ya shamba.

"Shemeji, leo tarehe ngapi?" Zabron akauliza, kwa sauti wanayosemeshwa watoto wa chekechea.

"Kumi na nne, Jumamosi. Endelea."

Akauliza majina ya wajukuu, akatajiwa pamoja na siku walizobatizwa. Akauliza mipaka ya shamba, akapewa yote, hadi Raphaeli akapiga miayo. Mtu mwenye busara angekaa chini hapo. Lakini sikio la kufa halisikii dawa.

"Mambo ya kukariri hata kichaa anayaweza," akasema Zabron. "Akili ni kuwakumbuka watu wako."

"Vema," akasema Ikupa, akainuka taratibu. "Basi na mimi nikuulize moja tu, shemeji. Ruti mkeo alikufa tarehe ngapi?"

Zabron akasema mwezi wa tano. Akajisahihisha: wa saba. Akatazama dari. Ruti alikuwa ameugua miezi minne, na miezi hiyo Zabron alikuwa kwa mwanamke wake wa Isongole. Aliyekuwa akimwogesha mgonjwa ni Ikupa. Sebule nzima ilijua. Ikupa angeweza kumhurumia hapo, akabadilisha mazungumzo. Hakutaka. Alisimama akimtazama kwa raha isiyo na haya hata chembe, akamwacha akitapatapa mbele ya ukoo mzima.

Aliyejibu ni Atupele, binti wa pekee wa Zabron, ambaye alikuwa amekuja kumuunga mkono baba yake.

"Tarehe tisa mwezi wa sita, baba. Alfajiri. Alikuwa anakuulizia."

Akainua kiti chake, akakiweka kando ya Ikupa, mama yake mkubwa, akakaa. Raphaeli akauliza kama kuna mwenye neno kuhusu shamba. Kisha akafunga kikao, shamba likabaki kwa mwenyewe.