Kura ya Ndivani

Miaka ile biashara ilipofunguliwa, bidhaa zilirudi madukani ila fedha hazikurudi mifukoni. Ndipo akapanda mlimani kwetu mnunuzi wa mbao, na sukari kidogo na maneno laini mengi. Aliitaka miti mikubwa iliyo juu ya chemchemi. Tukikubali, angeezeka shule yetu kwa mabati.

Chemchemi hiyo ndiyo hujaza ndiva, bwawa letu la udongo. Maji hukusanyika usiku, asubuhi tunayafungulia mashambani kwa zamu. Maharage yangu yote niliyokuwa nikiteremsha kuuza Same yalikunywa hapo. Nikaihesabu ile miti, nikarudia. Mara zote mbili, hakuna hata mmoja uliokuwa wangu.

Mwenyekiti wa kijiji tulimchagua kwa ahadi ya mabati. Sasa mabati yamebisha hodi, na watu wanamhimiza agonge muhuri. Yeye akaitisha mkutano ndivani, siku ya msaragambo, kazi yetu ya pamoja ya kuzoa tope bwawani. Mnunuzi alisimama ukingoni na viatu vyake vinavyong'aa.

"Wanaotaka miti iuzwe," mwenyekiti akasema, "wachukue majembe waende nyumbani. Chemchemi ikikauka, bwawa tunalizolea tope la nini?"

Hakuna aliyetoka bwawani. Kwetu anayeondoka kabla msaragambo haujaisha hutozwa mbuzi, na mbuzi huyo hana punguzo.

"Mwenyekiti, hii si kura, ni mtego!" mzee mmoja akafoka toka ndani ya tope.

"Basi toka, baba, tukuone."

"Nitokeje? Mbuzi mwenyewe nimebakiza mmoja!"

Tulicheka hadi mnunuzi naye akacheka, kisha akaondoka na sukari yake. Hapo kwenye sukari niliumia kidogo.

Tulipokuwa tunasuuza majembe, mwenyekiti akaniuliza polepole, "Kiti kimekwenda, eh?"

"Kimekwenda, kaka. Na chenji hupati."

Kweli, uchaguzi uliofuata walimwangusha. Shule ilikuwa bado ya nyasi na watoto wananyeshewa; sikuweza kuwalaumu waliomnyima kura. Mimi nilimpa yangu.

Maji bado tunayafungulia asubuhi, naye hungoja zamu kama sisi sote. Yangu ikitangulia, namwachia yeye aanze.

"Leo unataka nini kwangu?" huniuliza, maana ananijua.

Sitaki kitu. Huwa haniamini.