Kifundo cha Nahodha

Timu ya kikapu ya chuo ilianza msimu na wasichana kumi na wawili. Siku ya mechi ya mwisho walikuwa wamebaki watano, na nahodha alikuwa amekaa mbele ya muuguzi wa timu, kifundo cha mguu kimevimba. Muuguzi huyo walimwita Mama Bandeji.

Alikuwa na kipimo chake. Alibonyeza palipouma huku mchezaji akisimulia alivyoamka, na maneno yakikatika, hachezi.

"Haya mwanangu, uliamkaje?"

"Nilipiga mswaki, nikamwamsha yule mvivu tunayelala chumba kimoja, akanirushia mto, nika..."

Kidole cha Mama Bandeji kilikuwa kimefika palipouma.

"Nikacheka," nahodha alimalizia.

"Umechelewa kucheka."

"Mama, tukiwa wanne hatuchezeshwi. Msimu umeisha hapa hapa. Mwambie kocha nimepona, anakusikiliza wewe."

Mama Bandeji alitafuta huruma moyoni, au hata hasira, asipate kitu. Majeruhi wa kwanza wa msimu, yeye mwenyewe alimlilia. Wa pili alimwombea. Wa saba alimfunga bandeji huku akiwaza nguo alizoanika.

Akachungulia mlangoni. "Kocha, tuko wanne."

Kocha alivua filimbi shingoni, akaitia mfukoni. Uwanjani watu walikuwa wakiendelea kupiga makofi, hawajaambiwa.

"Nifunge basi," nahodha alisema.

Mama Bandeji akamfunga kwa mkazo ule ule wa mchezaji anayeingia uwanjani, mzunguko juu ya mzunguko, wala hakuna aliyeuliza kwa nini.