Ufagio wa Mama Byron

Mimi Wanja, Mama Githae, sipendi kuona mgonjwa akifagia. Ndiyo maana jirani yangu Mama Byron aliporudi kutoka hospitali akasema misuli ya moyo wake imelegea, nilimnyang'anya ufagio. Sisi akina mama wa kanisa hapa Githurai 45 tukagawana kazi zake zote, yeye tukamkalisha kwenye kochi kama bibi harusi. Kumbe tulikuwa tunammaliza! Alizidi kuishiwa nguvu, mpaka ngazi za kwenda kwake, ghorofa ya nne, akawa anabebwa.

Mumewe, Jeconia, akakata shauri. "Krismasi ikifika kama hawezi kupanda ngazi mwenyewe, nampeleka ushago, kule kijijini, akapumzike kwa mama yangu."

Mama Byron alilia sana. Mtoto wake anasoma hapa, kliniki yake iko Thika. Huko ushago nani angemwangalia huo moyo?

Nilimsindikiza kliniki. Kaveke, mama wa mazoezi, alimpima vizuri, kisha akanigeukia mimi. "Nani alikwambia moyo unatibiwa na kochi? Dawa ameze, lakini atembee, polepole. Wewe tembea naye mkipiga stori. Akishindwa kuongea, mpumzike."

Kupiga stori? Ngai, hiyo kazi ni yangu!

Tukaanza. Mwanzoni tulifika kwa fundi wa viatu tu, akanyamaza, tukakaa. Kuna wakati miguu ilimvimba, Kaveke akasimamisha mazoezi mpaka daktari alipobadilisha dawa. Hapo niliogopa kweli. Lakini tulirudi barabarani, na polepole akaanza kusengenya kwaya nzima.

Krismasi ikakaribia. Siku aliyopanga safari, Jeconia alikuwa amesimama mlangoni kule juu, begi la safari mkononi. Mama Byron akaanza kupanda, mimi nyuma yake na kiti cha plastiki. Ghorofa ya pili alikaa kidogo. Akainuka.

"Na wewe Mama Githae," akaanza, "ufagio wangu uko wapi? Tangu uuchukue hujaurudisha! Na ile sufuria yangu kubwa? Unafikiri nimesahau? Na nguo zangu, ni nani alikufundisha kufua vile?"

Alinigombeza hivyo mpaka mlangoni, bila kuhema.

Jeconia alilirudisha begi ndani.

Mimi nilikaa kwenye kile kiti pale ngazini nikalia kwa furaha, haki ya Mungu. Kisha nikaenda kumletea ufagio wake.