Sekunde Anachagua Matairi

Mume wangu ni fundi saa, na asikudanganye mtu kwamba kuolewa na fundi saa ni raha. Anakaa kwenye kibanda chenye upana wa meza moja, kioo kakibana jichoni, na humo ndani hakosei. Akitoka nje tu, balaa. Kununua sufuria, wiki mbili. Kuchagua rangi ya mlango wa choo, miezi miwili, na mpaka leo mlango hauna rangi. Mtaani wanamwita Sekunde. Mimi namwita Baba Pacha, kwa sababu tuna pacha, na hao nao walikaa siku tisa bila majina kwa kuwa baba yao alikuwa bado anafikiria.

Sasa mtu huyo ndiye aliyejitolea kunichagulia matairi.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto, na hospitali yetu iko upande wa pili wa kilima. Kila siku naendesha kigari chetu: lami kwanza, halafu mteremko, halafu barabara ya vumbi ambayo ikinyeshewa inateleza vibaya. Matairi yote manne yalishakuwa vipara. Nilipomwambia Jumamosi nakwenda kuyabadilisha, akaruka.

"Hapana, hapana, niachie mimi. Hayo ni mambo ya kupima."

Nikamwachia. Kosa langu, nakiri.

Duka la kwanza akarudi mikono mitupu. Matairi mazuri, alisema, lakini ubavuni pana tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka yalipotengenezwa, na yale yalikuwa na miaka minne. "Mpira unazeeka hata usipotumika," akanieleza. Haya. Duka la pili yalikuwa mapya kabisa, ila ni ya matope, yana mifereji mipana, kwenye lami yatanguruma na breki haitashika vizuri. Duka la tatu yalikuwa laini, yanashika, ila yataisha upesi. Yeye alitaka ya mvua na jua, ya lami na vumbi, yasiyo na kelele, na yadumu.

"Baba Pacha, unatafuta tairi au unatafuta mchumba?"

Wala hakucheka. Wiki ikapita, ya pili ikapita. Asubuhi kabla sijaondoka anachuchumaa kando ya gari na kipimo chake cha kazini, anapima kina cha mifereji. "Milimita moja nukta nne," ananiambia kwa huzuni. Jana yake ilikuwa moja nukta nne vilevile! Jioni anazunguka sebuleni, anafungua dirisha, anatazama mawingu, anafunga, anafungua. Nami akaniambukiza. Kazini nikisikia ngurumo nashtuka, naharibu mpaka hesabu ya dawa na kuanza upya. Nilimpigia wifi yangu, dada yake, nimlalamikie. Akacheka mpaka akakohoa. "Wifi, huyo hata kuzaliwa alichelewa. Mama alishachoka kumsubiri."

Kilichoniudhi zaidi ni hiki: kila siku aliyokuwa akitafuta matairi ya kunilinda, mimi nilikuwa barabarani na vipara.

Jumatano ya wiki ya tatu mvua ikanyesha. Nilikuwa nateremka kilima kwenda zamu, nikagusa breki, na gari likaniambia kwaheri. Lilizunguka lote. Liliposimama lilikuwa limeelekea nyumbani, matairi ya nyuma yako kwenye nyasi, na ng'ambo ya nyasi ni bonde. Hakuna aliyeumia. Nilikaa humo ndani nikilitaja jina la Mungu na majina ya wanangu, halafu nikageuza gari nikaenda kazini. Mume wangu sikumwambia. Ningemwambiaje? Angeanza upya, duka la kwanza mpaka la mwisho.

Alhamisi nilikuwa na mapumziko. Asubuhi akatoka kupima kama kawaida yake, akarudi ameshika nyasi.

"Hizi zilikwama kwenye rimu la nyuma."

"Nilipaki pembeni."

Alinitazama, akachukua funguo, akaondoka. Nikajua leo ndiyo leo, matairi yanafungwa! Nikafua nguo huku naimba. Adhuhuri akarudi kwa miguu.

"Gari liko wapi?"

"Kwa Mama Matairi." Huyo ndiye mwenye lile duka la tatu.

"Ameshafunga?"

"Ametoa ya zamani. Nimemwambia ayatupe."

"Na mapya?"

Akatazama mawingu.

"Baba Pacha, nakuuliza, na mapya?"

"Sijachagua."

Jamani! Gari liko juu ya mawe, halina tairi hata moja, na kesho nina zamu ya asubuhi! Nilivaa kandambili nikatoka mbio, yeye nyuma yangu.

Mama Matairi, mwanamke mpana mwenye viganja vyeusi kwa mpira, alikuwa amekalia tairi la lori. "Karibu dada. Huyu bwana kaja mara tisa. Siku asipokuja namuulizia." Alikuwa amepata mzigo mpya, akatuegemezea ukutani aina mbili. Zote za mwaka huu, zote za mvua na jua, zote saizi yetu. "Chukueni yoyote, nawaambia kwa roho safi. Hata mimi gari langu limefungwa hizo hizo."

"Umesikia? Chagua!"

Alichuchumaa akashika moja. Akashika jingine. Akasimama. Akachuchumaa tena. Hasira zikanipanda mpaka masikio yakawaka.

"Hivi unataka nini wewe? Nikae nyumbani mpaka nizeeke?"

"Ndiyo."

Alisema hivyo hivyo, mbele za watu, bila haya. Mama Matairi akajifanya anapanga rimu.

"Asubuhi nimepita pale mteremkoni," akasema mume wangu. "Nimeziona alama zako. Mpaka kwenye bonde ni hatua mbili, nimepima." Akaliachia tairi. "Saa nikikosea naifungua tena. Wewe nitakufungulia wapi?"

Mimi niliyekuja na maneno ya kumtosha mwaka mzima, nikaketi kwenye tairi la lori. Siku zote hizo nilidhani ananichezea akili. Nikalia, tena kwa sauti. Nikamwambia ukweli wote, kwamba niliogopa, kwamba niliwaona pacha mbele ya macho yangu. "Lakini kesho naenda," nikasema. "Kitanda cha sita kuna mtoto hakubali sindano mpaka nimshike mimi. Naenda hata kwa miguu."

Akarudi kuchuchumaa mbele ya matairi. Nikaona basi, nitachagua mwenyewe, nikanyoosha mkono kuonyesha. Akaushika, akaushusha polepole, hakuuachia.

"Hayo ya kushoto," akamwambia Mama Matairi.

"Una hakika, shemeji? Nikishafunga nimefunga."

"Sina," akasema mume wangu, machozi yanamtoka. "Yafunge."